Jinsi ya Kuishi Tena na Jirani Baada ya Vita

Niliporudi shambani kwetu karibu na mji wa Burnt Forest, Bonde la Ufa, Kenya, katikati ya 2008, nilihitaji kiberiti. Duka la karibu lilikuwa la mama Mkalenjin, nami ni Mkikuyu. Nyumba yangu ilikuwa imechomwa mwanzoni mwa Januari, siku chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na waliokuja kuichoma walipitia mbele ya duka hilo. Sikujua kama siku ile yule mama alijifungia ndani akilia au alisimama mlangoni akiwapungia mkono. Nilisimama barabarani muda mrefu, sarafu zikilowa jasho kiganjani. Mwishowe nikaingia, nikasema, "Chamgei." Akajibu, "Chamgei mising, mama." Nikafungua kinywa nitaje kiberiti, neno likagoma. Kuutaja moto mbele yake kulinishinda. Nikaomba chumvi.

Usiku huo nililala gizani na chumvi yangu. Lakini nilikuwa nimeingia na kutoka salama, na kesho yake nikarudi kununua sabuni.

Mimi ni mkulima wa viazi na kabichi, na kwa miaka mingi nimekaa katika kamati ya amani ya kijiji chetu. Agosti 2027 tunapiga kura tena, na akina mama wa sehemu nyingine zilizoumia kama kwetu wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje hadi tukaweza kuchota maji kisima kimoja. Ninachowaambia ni hiki: usianze na msamaha, wala kuuomba wala kuudai. Anza na haja ndogo za kila siku, uzirudie hadi mwili uzoee, ndipo yale mazito yatapata mahali pa kukalia.

Wakubwa walifanya yao. Tarehe 28 Februari 2008, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mkataba wa kugawana madaraka jijini Nairobi, Kofi Annan akiwa mpatanishi. Mei ikaja Operesheni Rudi Nyumbani, ya serikali ya kuturudisha tuliokimbia, malori na shilingi 10,000 kwa familia. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vita hivyo, ikahesabu waliouawa, ikapata 1,133. Haya yote yalihitajika, sidharau hata moja. Ila hakuna karatasi iliyotuambia utamsalimu vipi mtu ambaye mwanawe huenda alibeba petroli.

Nunua kwake, hata kama wa kwenu yuko karibu

Tuliporudi, kila upande ulitaka kujitosheleza. Tulianzisha kibanda chetu, wao wakawa na chao. Mashine ya posho ikawa moja ya kwao, moja ya kwetu, na mtu alitembea kilomita tatu na debe kichwani ili asipite kwa jirani aliye hatua mia moja. Hilo likiachwa mwaka mmoja linakuwa ukuta, na watoto wanakua wakidhani ukuta ulikuwepo tangu zamani.

Wenzetu wa Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, walilijua hili mapema. Mwaka 1993, koo za Kisomali huko zilipokuwa zikiuana, Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia sokoni. Walihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kutukanwa wala kufukuzwa. Kazi iliyokuja kuwakusanya wazee, vijana na maofisa wa serikali ilianzia kwenye maziwa na mboga. Niliposikia habari hiyo nililia, maana nilikuwa nimedhani chumvi yangu ni upumbavu.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja ambacho jirani anacho nawe huna. Kwetu wao walikuwa na maziwa, sisi viazi. Nenda mchana, mkiwa wawili, wala msizidi hapo, maana watu watano mlangoni wanafanana na kundi. Msalimie kwa lugha yake hata kama unajua neno moja tu. Lipa taslimu. Miezi ya kwanza usikope wala usikopeshe, kwa sababu deni dogo la maziwa likichelewa siku mbili litaitwa kabila. Pima mbele ya macho yake, kwa kibaba kile kile unachowapimia wa kwenu, na bei iwe moja. Tulikuwa na mwenzetu aliyemuuzia mama wa Kikalenjin debe la viazi likiwa na vilivyooza chini. Shilingi alizopata zilitugharimu miezi miwili ya kutokusalimiana.

Na ukienda, kaa kidogo. Uliza ng'ombe anaendeleaje. Usiulize "siku ile".

Kwanza kaeni peke yenu

Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki 2017, aliwapa hifadhi maelfu ya waliokimbia katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Yeye alikuwa Mkalenjin na wengi wa waliolala pale walikuwa Wakikuyu. Baadaye alitufundisha jambo ambalo mashirika mengi yaliyokuja na mahema na fulana za amani hayakulijua: usiwakalishe pamoja watu wenye hasira mbichi. Kila jamii ikae peke yake kwanza, itoe uchungu wake wote, ijue inataka nini. Kisha wachache wa huku wakutane na wachache wa kule. Mkutano mkubwa huja baadaye sana, na ukija mapema unakuwa wa kuchochea.

Sisi tulikaa nyuma ya kanisa, jioni tatu. Kijana mmoja alishika daftari la shule, tukamwambia agawe ukurasa kwa mstari katikati. Upande mmoja aandike tuliyotendewa, upande wa pili tuliyotenda sisi. Upande wa kwanza ulijaa kurasa tisa. Wa pili ulikaa mweupe wiki mbili.

Aliyeuvunja ukimya huo ni shosho mmoja, nyanya aliyekuwa hasemi sana. Alisema, "Andika Naivasha." Mtu akamjibu kwamba sisi hatukuwa Naivasha. Akasema, "Waliofanya walisema wanafanya kwa ajili yetu. Mimi sikuwatuma, lakini niliposikia nilifurahi. Andika hilo pia." Mwishoni mwa Januari 2008, Naivasha na Nakuru, vijana wa kabila letu waliwaua na kuwachomea watu nyumba, Waluo, Wakalenjin na wengine, wakisema wanalipa kisasi. Kule kambini tulikokimbilia tulikuwa tumeipokea habari hiyo kama mtu anavyopokea maji. Kimya kilichofuata maneno ya shosho kilikuwa kirefu. Kisha mwingine akataja majina tuliyokuwa tukiwaita majirani kwa lugha ya mama tukidhani hawaelewi. Mwingine akataja shamba.

Shamba litachukua siku nyingi, jiandae. Upande wetu unasema, wazazi wetu walinunua, kupitia kampuni za kununua ardhi, baada ya walowezi kuondoka, na risiti tunazo. Upande wao unasema, hii ilikuwa ardhi ya babu zetu kabla ya Mzungu kuja, na ilipouzwa hatukuulizwa. Nilikuwa nimeishi pale miaka 30 bila kumsikiliza mzee yeyote akisema hilo hadi mwisho. Siamini kwamba lilimpa mtu haki ya kuniwashia moto. Lakini nilipolisikia lote, kwa sauti ya mzee aliyechungia ng'ombe mahali ambapo leo nimepanda kabichi, nilielewa kwa nini moto ulikuja pia 1992, na kwa nini utarudi tukinyamaza.

Watu watakuambia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Chifu na wanasiasa walitusomea methali hiyo mpaka tukaichoka. Mimi naikataa katika jambo hili. Yaliyopita ni ndwele, na mgonjwa hagangwi bila kuguswa.

Tafuta kazi inayomuumiza kila mmoja ikikosekana

Kwetu ilikuwa josho la ng'ombe. Lilivunjwa wakati wa vita, na likabaki na majani. Kupe wakazidi, ndigana ikaua ndama wao na wetu mwaka mmoja. Hakuna hotuba iliyotusogeza pamoja kama ndama wale.

Ukipata kazi ya namna hiyo, angalia mambo haya. Usiruhusu kila kabila lichimbe upande wake. Mwanzoni tulifanya hivyo, ikawa mashindano, na mawe yakaanza kurushwa kidogo kidogo "kwa bahati mbaya". Changanya watu kwa namba: wewe moja, wewe mbili, wewe moja. Jembe liwe pungufu kuliko watu, ili mtu alazimike kumwomba mwenzake.

Pesa ndipo amani nyingi hufia. Daftari la josho lilishikwa na Mkikuyu, ufunguo wa sanduku Mkalenjin. Michango ilipoanza kuja kwa simu, mmoja alishika laini na mwingine akajua namba ya siri. Kila Jumamosi hesabu ilisomwa kwa sauti, hata kama ni shilingi mia mbili. Hatukuwa tukishuku mtu. Tulikuwa tukimkinga mwenye pesa asishukiwe.

Na chakula. Siku ya kwanza tulipika githeri, mahindi na maharagwe, wao wakaleta mursik, maziwa yao ya mgando, katika kibuyu. Hakuna aliyegusa cha mwenzake. Watu waliogopa sumu, na hofu hiyo usiicheke, maana ni ya kweli kwa aliye nayo. Mzee wa Kikalenjin akasimama, akamimina kikombe, akanywa chote mbele yetu, akamimina cha pili akampa shosho wetu kwa mikono miwili. Shosho naye akachota githeri, akala vijiko vitatu, akampelekea sahani. Tangu siku hiyo ikawa desturi: aliyepika aonje kwanza, bila kuambiwa.

Nenda msibani

Ukipungukiwa na nguvu ya kufanya yote, fanya hili moja. Jirani akifiwa, nenda. Usisubiri kualikwa, hakuna anayealikwa matanga. Nenda na kuni au maji, uingie jikoni uoshe vyombo.

Mwaka 2010 mama wa jirani yangu alifariki, tuliyemwita kogo sote, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Tulienda wanne. Niliingia jikoni, nikaona juu ya mafiga sufuria kubwa ikichemsha mchele. Nilikuwa nimeinunua kwa pesa za chama chetu cha kuweka akiba, na fundi wa jua kali aliitia kiraka cha bati chini ya mkono wa kushoto, chenye misumari mitatu iliyopinda. Kiraka kilikuwa palepale. Misumari mitatu.

Nilihisi damu ikipanda hadi masikioni. Yule mkwe aliyekuwa akikoroga aliniona ninatazama, mwiko ukasimama. Ningeweza kupiga kelele. Ningekuwa na haki, na matanga yangevunjika, na josho, na duka. Wali ulipoiva na watu wakala, nilichukua ile sufuria nikaiosha mwenyewe kwa majivu, nje na ndani, nikaisugua mpaka kiraka kikang'aa, nikaiegemeza ukutani pamoja na vyombo vyao. Nilipokuwa ninaondoka yule mkwe alinisindikiza hadi lango. Hakusema kitu. Alinishika tu mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Ilichukua miaka miwili. Jioni moja alifika kwangu amebeba ile sufuria kichwani, na ndani yake kibuyu cha maziwa, maana chombo hakirudi kitupu. Akasema, "Mama, hii ilikuja kwetu wakati ule." Ilikuja. Sufuria haina miguu, lakini nilimwachia itembee. Nikampa viazi aende navyo.

Baada ya hapo kamati yetu ilifanya jambo ninalowashauri wengine. Tulifungua ghala la kanisa siku tatu usiku na mchana, bila mlinzi, bila daftari la majina, tukatangaza kwamba mwenye kitu kisicho chake akiache pale. Tulipata mabati, milango miwili, baiskeli bila gurudumu, cherehani, na Biblia ya Kikuyu iliyotunzwa vizuri ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Vingi havikurudi. Lakini ile Biblia ilitufanya wengi tuketi chini.

Hapa niseme wazi, maana nimeona makosa makubwa yakifanywa kwa jina la maridhiano. Sufuria, mabati na hata ng'ombe vinaweza kumalizwa na majirani. Mauaji na ubakaji haviwezi kumalizwa kwa mbuzi. Mzee yeyote asikuambie kwamba binti yako aliyenajisiwa "tumeshamsuluhishia". Mpeleke hospitali, mpeleke polisi, tafuta wakili wa msaada, simama naye hata ukibaki peke yako. Ninajua mahakama zilituvunja moyo. Hata kesi kubwa za Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ziliisha bila hukumu ya hatia, moja 2014, nyingine 2016. Bado nasema, hilo si la kuuziana kijijini. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Ni mzee gani atakayepanga bei ya hilo?

Chunga kinywa na simu

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki, na "madoadoa" na "kwekwe" yalikuwemo. Kwetu hatukuhitaji tume kutuambia. Ukiitwa kwekwe, unajua kinachofuata ni jembe. Tulikubaliana kwamba neno kama hilo likisemwa, anayelikemea awe wa kabila la aliyelisema. Mkikuyu amkemee Mkikuyu. Likikemewa na aliyetukanwa, linakuwa ugomvi.

Uvumi una dawa moja: miguu. Tuna watu watatu kila upande wanaojuana kwa namba za simu. Habari ikifika, wawili, mmoja wa kila upande, wanakwenda kuona kwa macho, kwa bodaboda moja. Mwaka 2017 ilisambaa sauti kwenye WhatsApp kwamba kijana wetu amekatwa panga karibu na daraja. Tayari vijana walikuwa wanakusanyika. Wawili wetu walimkuta zahanati, ameanguka na pikipiki, mguu umechubuka, na aliyemfikisha pale ni Mkalenjin. Walimrekodi akisema hayo mwenyewe, wakairudisha ile habari palepale ilipotoka. Usitume maandishi ya kukanusha. Tuma sauti ya mwenyewe.

Mwaka wa kura

Kwa kura ya 2013 viongozi wa makabila yetu mawili waliungana, Uhuru Kenyatta na William Ruto, na wengi wakasema mambo yamekwisha. Amani ya wakubwa ni blanketi la kuazima. Usiku wowote mwenyewe anaweza kulitaka. Sisi tuliendelea na hesabu ya Jumamosi kana kwamba hakuna muungano.

Miezi sita kabla ya uchaguzi, ongezeni kukutana badala ya kupunguza. Wiki ya kura pangeni kitu ambacho hakiwezi kusubiri, kama vile kuogesha ng'ombe, ili siku inayofuata matokeo kila mtu awe na sababu ya kutoka nyumbani na kumkuta mwenzake josho. Msipeleke watoto mjini kimyakimya. Jirani akiona godoro lako juu ya pikipiki, atafungasha lake pia, na kijiji kitakuwa kimeshajiandaa kwa vita bila mtu kurusha jiwe.

Siku ya kuulizana

Itakuja, lakini usiiite. Mimi ilinijia Septemba 2009, dukani kwa yule mama, siku ya mvua. Nilikuwa nimenunua kwake zaidi ya mwaka mzima: chumvi, sabuni, majani chai, daftari za watoto. Kiberiti nilikuwa nikikipata Burnt Forest mjini. Siku hiyo changu kiliingia maji, na nikakitaja bila kufikiri.

Alinyamaza. Kisha akainama chini ya kaunta, akavuta sanduku lililofunikwa kwa kitambaa. Viberiti vyote vilikuwa humo. Vitu vingine vyote vilikuwa rafuni, peupe.

"Tangu mrudi siviweki juu," alisema. "Nilikuwa naona mnavyotazama."

Akavuta kreti mbili, tukaketi. Akaniambia siku ile aliwaingiza watoto chini ya kitanda, akasukuma gunia la sukari nyuma ya mlango. Aliwasikia wakipita wakiimba. Aliitambua sauti moja.

"Nilisikia, sikutoka," alisema.

Nikamwambia, "Ungetoka wangekuchoma nawe."

"Labda."

Hatukukumbatiana. Mvua ilipungua. Nikamsaidia kupanga viberiti kwenye rafu ya juu, kando ya chumvi, nikalipia kimoja, nikaenda nyumbani kuwasha jiko.